Siku Yenye Saa 18

Nimekulia katika zama ambazo saa ya mkononi ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kukuthibitishia kwamba umechelewa. Uliitia ufunguo asubuhi, ukaisogeza sikioni kuhakikisha kwamba ingali hai, kisha mkaachana hadi kesho yake pasipo kudaiana chochote. Sasa binti yangu, mwenye umri wa miaka 15, ananieleza kwamba ipo saa, waiitayo saa janja, inayojua nimelala kwa muda gani, nimepanda ngazi ngapi, moyo umenidunda mara ngapi kwa dakika na nani amenitumia ujumbe. Na nilipomuuliza iwapo inajua pia ni nani atakayeilipia, alinitazama kwa huruma, kama mtu amtazamaye mzee anayetafuta miwani aliyoivaa.

Hakuniomba kwa mdomo. Vijana hawa wamekwisha kutambua kwamba ombi la mdomo hukataliwa kwa mdomo, kwa hiyo aliniandikia kurasa mbili zenye vichwa vilivyopigiwa mstari kwa rula: Utangulizi, Sababu, Faida kwa Familia, na Bajeti. Chini ya Faida kwa Familia alieleza kwamba simu yake haitapotea tena, kwa kuwa saa janja ina kitufe cha kuifanya simu ilie popote ilipo. (Simu hiyo naifahamu vizuri. Haijawahi kupotea hata kwa dakika moja. Imegandamana na kiganja chake kiasi kwamba anayepotea ni yeye.) Chini ya Bajeti palikuwa na jedwali la safu mbili. Katika safu ya kwanza, Mchango wa Mwombaji, aliorodhesha akiba yake yote ya pesa za mfukoni, ambayo kwa kasi anayokwenda nayo ingeifikia bei ya saa wakati yeye mwenyewe amekwisha kuwa na wajukuu wanaodai saa. Katika safu ya pili, Mchango wa Mfadhili, aliandika maneno mawili tu: "Kiasi kilichobaki."

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali linalowakosesha usingizi wafanyabiashara, yaani kama vijana wanamudu saa janja. Hawamudu. Kijana anachomudu ni baba yake.

Na baba mwenyewe haombwi saa peke yake. Saa nyingi za aina hii hazijitegemei; zinataka simujanja ya kuziongoza, tena si simu yoyote, kwa maana saa ya Apple haikubali kuunganishwa na simu ya Android hata mkaleta wazee wa usuluhishi. Kwa hiyo nyumba ambayo mwaka jana ilijikamua ikanunua simu ya upande mmoja, leo huletewa saa ya upande mwingine na kuambiwa kwamba kosa ni la simu. Ni sawa na kununua kofia, halafu kofia ikakwambia kwamba kichwa ulichonacho hakifai.

Mwombaji alipoona nasitasita, aliomba nafasi ya kufanya onyesho la vitendo, akaleta saa aliyoazima kwa rafiki yake. Aliigeuza ili nione mgongo wake, na hapo palikuwa na vimulimuli viwili vya kijani vikiwaka na kuzima kwa haraka. "Damu ni nyekundu, Baba," alianza, kwa sauti ambayo nina hakika ndiyo ninayoitumia mimi ninapomweleza yeye mambo, "kwa hiyo hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukidunda, damu huongezeka mkononi na mwanga unaorudi hupungua. Saa inahesabu huko kupungua." Nilikiri moyoni kwamba ni jambo la akili. Akanivisha. Ilisoma 74. Nikamwuliza bei, akaitaja, nasi sote wawili tukashuhudia namba ikipanda hadi 112 ilhali nimekaa kitini, sijanyanyua hata kidole. Alinihakikishia kwamba zipo saa ambazo mapigo yakikaa juu kwa dakika kumi bila mtu kusogea, humpa tahadhari. Nilimjibu kwamba tahadhari ninayo tayari, nimezaliwa nayo.

Kisha akaja na hoja ya afya, kwamba nitatembea hatua 10,000 kila siku kama wanavyotakiwa binadamu wote. Hapa nilikuwa nimejiandaa. Namba hiyo haikuanza na utafiti wa afya: ilitoka Japani mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, wakati kampuni moja ilipotoa kipima hatua na kukiita Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi, jina tamu lenye namba rahisi kukumbuka. Dunia nzima inakimbizana na tangazo la biashara lililozeeka. Yeye alichojibu ni kwamba hata kama ni tangazo, mimi sijafika hatua elfu mbili tangu Jumatatu, na akanionyesha ushahidi.

Nilipoona hoja za afya zinanigeukia, nilimtaka aseme ukweli: saa anaitakia nini hasa? Maana ya kuangalia wakati si kweli. Nimeishi naye miaka 15 na sijaona dalili kwamba wakati unamhusu. Alizungukazunguka kwa muda, akagusia mazoezi, akagusia usalama, mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Simu wanatunyang'anya darasani. Saa hawaigusi." Ujumbe ukiingia, mkono hutetemeka kidogo, jicho hushuka, na mwalimu anadhani mtoto anawazia hesabu. Halafu akaongeza ile hoja ambayo ilikuwapo kabla saa haijabuniwa: "Na wenzangu wote wanazo." Nikamwomba anitajie majina. Walikuwa wawili, na mmoja alikuwa ameipoteza.

Ningeendelea kumshambulia kwa ujasiri kama si mke wangu kupita wakati huohuo na kuuliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, ni nani yule aliyewahi kususia chakula kwa sababu ya saa yenye kikokotoo. Ni kweli, nami sina budi kueleza. Saa za mkononi za kidijiti zilianza na Pulsar ya mwaka 1972, iliyoandika saa kwa taa nyekundu zilizotafuna betri kiasi kwamba ilikubidi ubonyeze kitufe ili ikuonyeshe wakati, yaani saa ya mkono mmoja iliyohitaji mikono miwili. Baadaye zikaja zenye kikokotoo, na katika miaka ya 1980 zile za Casio zilikuwa zimeshuka bei kiasi cha kumtia kichaa mvulana wa rika langu. Vitufe vyake vilikuwa vidogo kama punje za ulezi. Kujumlisha namba mbili kulihitaji ncha ya penseli na pumzi zilizozuiwa. Niliitaka kwa miezi minane. Marehemu baba yangu hakudai andiko wala bajeti, alinitazama tu akasema, "Una vidole kumi, hesabu." Nilivihesabu kwa hasira, na mpaka leo sijapata saa hiyo.

Lakini angalau saa ile, kama ningeipata, ingekuwa inahesabu hadi leo. Hili ndilo linaloniuma kuliko bei yenyewe. Mwaka 2015 Apple ilipoanza kuuza saa yake, ilitoa pia toleo la dhahabu ya karati 18, kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeitumia kununulia gari. Ilipofika mwaka 2018, programu mpya ya saa hizo ilitolewa bila kujumuisha zile za kwanza, na ya dhahabu ikaachwa nyuma pamoja na ndugu zake wa alumini. Miaka mitatu! Dhahabu imekaa ardhini tangu dunia iumbwe bila kuomba sasisho lolote, ikaja ikazeeka mkononi mwa mtu kabla hata ndevu zake hazijabadilika rangi.

Binti yangu, ambaye utafiti wake sasa ulikuwa unaniogopesha, alinikumbusha kwamba wa kwanza kuhangaika na saa hizi hawakuwa watoto. Mwaka 2012 watu karibu 69,000 walichangia kupitia intaneti zaidi ya dola milioni 10 kwa ajili ya saa iliyoitwa Pebble, wakati saa yenyewe ilikuwa bado haijauzwa hata moja. "Hao walikuwa wazee kama wewe, Baba." Nilimuuliza kampuni hiyo iko wapi leo. Aliangalia pembeni, kwa maana anajua kwamba ilifungwa mwaka 2016.

Basi nikakataa, nikalikunja andiko na kuliweka kwenye droo. Jambo lingeishia hapo kama nisingekuwa na tabia mbaya ya kusoma mambo niliyokwisha kuyakataa.

Nilianza kwa kusoma habari za Ujerumani, ambako mnamo Novemba 2017 mamlaka inayosimamia mawasiliano ilipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri, baada ya kubainika kuwa wazazi walikuwa wakizitumia kuwasikiliza walimu darasani, na ikawaambia wazazi waziharibu kabisa. Kikulacho ki mkononi mwako. Nilifurahi mno, kwa kuwa nilipata serikali nzima inayoniunga mkono. Lakini nilipoendelea kusoma nikakuta kwamba tangu mwaka 2020 Apple imemruhusu mzazi kuiongoza saa ya mtoto kwa simu yake mwenyewe, hata kama mtoto hana simu: anaona mtoto alipo, anachagua ni nani wa kuzungumza naye, na kuna mpangilio maalumu wa kuifunga saa wakati wa masomo ili ibaki kuonyesha wakati tu, kama saa ya babu. Nilisoma aya hiyo mara tatu. Hawa watu hawakuhangaika kumtafuta kijana. Walimtafuta mwenye pochi, wakamkuta amekaa gizani anasoma, naye akatoa pochi.

Nilinunua moja iliyotumika, ya kampuni ambayo sitaitaja, na mezani wakati wa chakula nikatangaza kwa sauti ya kitajiri kwamba mfadhili ameidhinisha ombi. Binti aliruka. Kisha, kwa upumbavu ambao sitajisamehe, nikaanza kumsomea mapendeleo yangu: nitaona ulipo, nitaifunga darasani, nitachagua watakaokupigia. Nilimwona akirudi kitini polepole, kama mpira unaovuja. Alinyamaza kidogo, akafuta midomo, halafu akasema kwa upole mwingi, "Asante sana, Baba, lakini nimefikiria. Saa janja ni mambo ya watu wazima. Wenzangu siku hizi hawazipendi."

Nikamkumbusha wale wenzake wote. Akasema wote ni wawili tu.

Mfanyabiashara akija kuniuliza kama vijana wanazitaka saa hizi, nitamweleza kwamba wanazitaka kwa muda ule ambao hawana uwezo wa kuzipata, na kwamba tamaa hiyo hukatika katika sekunde ileile ambayo mzazi anajifunza kuzitumia.

Kwa kuwa aliyeniuzia hakutaka kusikia habari za kurudishiwa, niliivaa mwenyewe. Asubuhi huniandikia 7:00 wakati mimi, mama yangu na lugha yangu tunasema ni saa moja, na sijaona mpangilio wa kuifundisha. Ujanja wake umekomea hapo. Kila nikipumzika inanitekenya mkono na kuniambia nisimame. Imeniambia nisimame nikiwa msibani, tena wakati wa dua. Imenipongeza kwa mazoezi siku niliyogombana na bomba la maji. Na kila usiku lazima ilale kwenye chaji, kwa sababu hii yangu ilikuja na ahadi ya betri ya saa 18, ilhali siku niliyopewa na Muumba ina 24, na hizo sita zinazopungua hakuna anayesema nizipeleke wapi.

Aliyeniandalia saa hiyo ni binti yangu, kwa kuwa mimi nilishindwa katika hatua ya pili, na wakati ule nilimwona kama mtoto mwenye utii wa pekee. Jana jioni nilikuwa nimeketi kwa amani kwenye kibaraza cha rafiki yangu, baada ya kumwarifu mama watoto kwamba nimebanwa na kikao cha ofisini, mara mkono ukatetemeka. Nikadhani inanitaka nisimame. Haikuwa hivyo, ulikuwa ujumbe kutoka kwa binti, na kama kawaida yake ulikuwa na vichwa vya habari.

"Baba. Mahali: si ofisini. Muda uliokaa: dakika 50. Mapigo ya moyo: ya kawaida, hadi sasa. Mama anasoma pamoja nami."

Niliinua kidole niandike jibu lenye ukali unaostahili, kwenye vitufe vidogo kama punje za ulezi, na kabla sijafikisha neno la pili kioo kikawa cheusi. Saa ilikuwa imeimaliza siku yake, nami nilikuwa bado nina saa sita.