Chafi na Mkono wa Kulia

Kwa wakwe zangu, Tumbe, kaskazini mwa Pemba, mimi huitwa "mtu wa mjini", na siku hiyo niliazimia kulifuta jina hilo mbele ya ukoo mzima. Shemegi yangu alikuwa ametoka kuangalia madema yake, akaja na mtungo wa chafi ambao baadhi yao walikuwa bado wanatapatapa, akauweka kando ya moto wa vifuu na kunitaka nisiwaguse mpaka arudi na ndimu. Nilimjibu kwamba nimenunua samaki soko la Darajani kwa miaka 20. Sikuona haja ya kumwambia kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nikimlipa kijana wa pale sokoni anitengenezee.

Chafi ukimtazama ni samaki mnyenyekevu. Kinywa chake ni kidogo, chakula chake ni majani ya baharini, na wanawake wanaolima mwani humlalamikia kama vile watu wa shamba wanavyomlalamikia mbuzi. Nani angedhani kwamba mla majani huyo ana miba 13 mgongoni, 7 chini karibu na mkia na 4 kwenye mapezi ya tumboni, yote ikiwa na sumu? Hesabu hiyo nilielezwa baadaye. Mimi ulinitosha mmoja.

Uliniingia kwenye kidole gumba cha kulia, na maumivu yakapanda hadi kwapani kabla sijakitupa kisu. Nilikusudia kunyamaza kiume, kwa kuwa mama mkwe alikuwa amekaa chini ya mkungu hatua chache tu kutoka pale, lakini ukelele ulionitoka uliwafanya hata waliokuwa wakivuta mashua pwani wageuke. Mama mkwe, ambaye tangu nioe hajawahi kunipazia sauti, alisema neno moja tu: "Mtieni maji ya moto!" Sumu ya chafi huvunjwa na joto, na maji ya moto pekee yaliyokuwapo yalikuwa ya muhogo. Basi muhogo ukaopolewa kabla haujaiva, maji yakapozwa kidogo, na mkono wangu ukaingia sufuriani badala yake. Dawa hiyo ni ya kweli, ila kila nilipojaribu kuutoa mkono, maumivu yalirudi.

Ndipo chafi walipoiva. Ngozi ilikuwa imepasukapasuka kwa moto, ndimu na pilipili zilinukia, na mkono wangu wa kulia haukuwa na ruhusa ya kutoka. Kula kwa mkono wa kushoto mbele ya mkwe ni jambo lisilofikirika. Binti yangu wa miaka sita akajitolea kunilisha. Kila mnofu mnono aliuonja yeye kwanza, eti anatafuta miba, kisha akanitilia mdomoni kilichobaki, huku akinirudishia maneno yangu yote ya nyumbani: "Baba, tafuna kwanza ndipo useme. Kula, wenzako hawana." Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Baada ya saa nzima hivi, shemegi akanisogelea kwa adabu zote, akainama sikioni mwangu.

"Shemegi, mkono ukishaiva tunaomba sufuria yetu. Muhogo bado mbichi."