Asidi ya foliki: mjamzito apangiwe, au kila mwanamke?

Majedwali ya vitamini hugawa watu kwa umri na hali: mtoto mdogo, kijana, mtu mzima, mjamzito, anayenyonyesha, mzee. Kwa vitamini nyingi mgawanyo huo unafaa. Kwa folati, vitamini B inayopatikana kwenye mchicha, kunde na maharage (ile ya kutengenezwa, ya vidonge na ya kutiwa kwenye unga, ndiyo asidi ya foliki), una kasoro inayogharimu watoto.

Jedwali la Marekani la mwaka 1998, linalofuatwa au kuangaliwa na nchi nyingi, linampangia mtu mzima mikrogramu 400 kwa siku na mjamzito 600. Wataalamu walianza na kiasi kinachotosha nusu ya watu wazima, yaani 320, wakakipandisha ili kitoshe karibu kila mtu. Kwa hiyo anayekula pungufu kidogo ya 400 si lazima awe na upungufu mwilini.

Kasoro iko kwenye lile neno "mjamzito". Mrija wa neva wa mtoto, ambao ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa. Mwanamke anapokosa hedhi, kama siku 14 zimeshapita. Akisubiri wiki nyingine ndipo apime, zimebaki siku saba tu. Na kwetu wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu au zaidi. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa pale vina asidi ya foliki na vina faida kwa mama, lakini mgongo wa mtoto umeshafunga au umeshashindwa kufunga. Anayezaliwa na mgongo wazi huhitaji upasuaji mapema, na wengi hubaki na miguu dhaifu na mkojo usiozuilika. Mara nyingi kichwa nacho hujaa maji.

Kinga yake inajulikana. Mwaka 1991 utafiti ulioongozwa na Uingereza, kwa wanawake waliowahi kupata mimba ya namna hiyo, ulionyesha kuwa miligramu 4 za asidi ya foliki kwa siku, kuanzia kabla ya mimba, zilipunguza hatari ya kurudia kwa asilimia 72. (Aliyewahi kumzaa mtoto wa aina hiyo amwone daktari kabla ya kushika mimba nyingine, maana dozi yake ni kubwa kuliko ya wengine.) Mwaka uliofuata Marekani ikashauri kila mwanamke anayeweza kushika mimba apate mikrogramu 400 kila siku, na mwaka 1998 ikalazimisha itiwe kwenye unga.

Hapo ndipo hoja za upande wa pili zinapoanza, na zina uzito. Unga haumchagui mlaji. Ukimlenga binti wa miaka 20, utamfikia pia babu wa miaka 75. Mzee mwenye upungufu wa vitamini B12 akipata asidi ya foliki kwa wingi, damu yake inaweza kuonekana nzuri huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika, na ganzi ya miguu ikachukuliwa kuwa uzee tu. Ndiyo sababu mtu mzima aliwekewa kikomo cha mikrogramu 1,000 za asidi ya foliki kwa siku. Uingereza yenyewe ilisita mpaka mwaka 2024 ndipo ikapitisha kanuni ya kuitia kwenye unga wa ngano.

Mimi naona hofu hiyo ina jibu, na jibu lipo kwenye viwango vyetu vya Afrika Mashariki: unga wa ngano na wa mahindi unaoongezwa virutubishi hutiwa asidi ya foliki pamoja na B12. Wazee wengi hushindwa kuitoa B12 iliyoshikamana na protini ya nyama kwa sababu asidi ya tumbo imepungua, lakini ile inayoongezwa kwenye chakula huipokea vizuri zaidi. Wapo ambao hata hiyo haiwafai, na hao wanahitaji kupimwa na kuchomwa sindano. Kumnyima binti kinga hakuwaponyi.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba unga huo hauwafikii wengi. Mama anapeleka debe la mahindi mashineni, yanakobolewa, yanasagwa, anarudi na sembe yake bila kuongezwa chochote. Ukikoboa umeondoa kiini na ganda, penye sehemu kubwa ya vitamini. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zimewabana wenye viwanda vikubwa, ila mashine ya kijijini haina kifaa cha kupimia virutubishi, na mwenye mashine hawezi kukinunua kwa faida ya kusaga debe moja moja.

Kwa maeneo hayo, Shirika la Afya Duniani lina pendekezo la kidonge kimoja kwa wiki chenye miligramu 60 za madini ya chuma na 2.8 za asidi ya foliki, kwa wasichana na wanawake wanaopata hedhi, pale upungufu wa damu unapofikia asilimia 20 yao. Kinaweza kutolewa shuleni, na kwa walio nje ya shule kupitia wahudumu wa afya wa jamii, bila kumsubiri binti ajigundue kuwa ana mimba.