Mwafrika aliingiaje katika jina la Revis?

Mwaka 2007, Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walitoa matokeo yaliyozua maswali mengi. Kati ya wanaume 18 wenye jina la Revis, jina adimu la mashariki mwa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, 7 walikuwa na kromosomu Y (sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume tu) ya kundi A1. Hadi hapo kundi hilo lilijulikana kwa watu wachache mno, karibu wote wa Afrika Magharibi. Hawa saba ni Waingereza weupe.

Huko Uingereza jina la ukoo na kromosomu Y hurithiwa kwa njia moja, baba kwa mwana. (Kwa wengi wetu, ambao jina la babu hudondoka kila kizazi, utafiti wa namna hii ungekwama mlangoni.) Kumbukumbu za vizazi vya hao saba zilifika kwenye matawi mawili ya Yorkshire ya miaka ya 1780. Kwenye karatasi hayaungani, ila vinasaba vinayapa babu mmoja wa karne ya 18.

Je, Mwafrika wa kwanza katika ukoo huo alikuwa nani? Wapo wanaomtaja askari wa Kirumi. Ni kweli kwamba katika karne ya 3 kikosi cha Wamauri kililinda Ukuta wa Hadrian, ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, penye Burgh by Sands ya leo. Lakini Wamauri walitoka Afrika Kaskazini, na Burgh by Sands iko Cumbria, upande wa magharibi, ng'ambo ya pili ya nchi. Tena majina ya ukoo yalianza kushika mizizi baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Uzao uliokaa karne nyingi bila jina ungetarajiwa kuonekana katika majina mengi. Watetezi wanaweza kujibu kwamba nasaba nyingi za kiume hukatika, ukabaki uzi mmoja. Yawezekana.

Mimi naegemea biashara ya utumwa. Katika karne ya 18 Waafrika kwa maelfu waliishi Uingereza, wengi wakiwa watumishi wa majumbani.

Wale 11 waliobaki ndio wanaonifikirisha zaidi. Huenda jina lilikuwa na waasisi zaidi ya mmoja. Au huenda Mwafrika huyo hakuwahi kuitwa Revis hata siku moja: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kwa kawaida alipewa jina la mama yake, na mara nyingi kitabu cha parokia hakikumtaja baba.