Miaka Minne au Mitano: Mwenye Digrii Anapotaka Udaktari Uingereza

Nenda kwenye shughuli yoyote ya Waswahili hapa Uingereza, iwe maulidi, arusi au khitma, hutakosa kumkuta kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye digrii yake ya sayansi au uuguzi, anayeulizwa na wakubwa zake ataanza lini kusomea udaktari. Akijitetea kwamba umri umekwenda, mtu atadakia: "Si kuna ile ya miaka minne? Kaombe hiyo." Utadhani ni daladala iliyosimama kituoni inasubiri abiria.

Ipo kweli. Udaktari wa kawaida Uingereza ni miaka mitano, na katika vyuo vingine sita. Kuanzia mwaka 2000, vyuo kama St George's cha London na Warwick vilifungua njia ya miaka minne kwa wenye digrii. Warwick na Swansea, kwa hakika, hawapokei mwingine yeyote. Uskochi nayo ilianza yake mwaka 2018, St Andrews na Dundee wakishirikiana. Hoja yao ni kwamba mtu aliyekwishamaliza chuo hahitaji kufundishwa namna ya kusoma, basi masomo ya mwanzo yanaweza kubanwa. Anayehitimu kwa njia hii na anayehitimu kwa miaka mitano wanapata shahada ile ile na wanaanza kazi katika ngazi ile ile. Nyumbani Tanzania hakuna kitu cha namna hii. Tabibu mwenye diploma, hata akiwa ametibu zahanati nzima peke yake kwa miaka kumi, akiingia kusomea udaktari huanza mwaka wa kwanza kama kijana aliyetoka kidato cha sita, kisha anasoma mitano na wa sita wa mafunzo kazini.

Kwa hiyo ukiitazama kwa juu juu hakuna cha kujadili. Nani achague mitano akiwa na minne? Mimi naona swali hilo limeulizwa kinyume. Wengi hawaichagui njia ya miaka minne kwa sababu inawafaa kimasomo. Wanasukumwa na fedha.

Nichukue hesabu ya England kwa mwaka wa masomo 2025/26, maana Wales na Uskochi wana taratibu zao. Ada ilikuwa paundi 9,535 kwa mwaka. Katika njia ya miaka minne, mwanafunzi anatoa mfukoni paundi 3,465 mwaka wa kwanza, na 6,070 zilizobaki anakopeshwa. Kuanzia mwaka wa pili NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, inalipa 3,715, na kilichobaki ni mkopo tena. Maana yake, ada inayomtoka mkononi kwa safari nzima ni hizo 3,465 tu. Mtu huyo huyo, na digrii yake ile ile, akiingia njia ya miaka mitano hakopeshwi ada hata senti kwa miaka minne ya mwanzo. NHS inamlipia mwaka wa tano. Zidisha 9,535 mara nne: 38,140. Hiyo ni mara kumi na moja ya mwenzake. Mkopo wa kujikimu, lile ambalo vyuoni Tanzania tunaliita bumu, anaweza kuupata kote kuwili, lakini bumu halilipi ada.

Serikali ina hoja yake na si ya kupuuzwa. Mtu mwenye digrii alikwishasaidiwa mara moja na mlipa kodi. Kwa nini asaidiwe tena wakati kuna mtoto wa miaka 18 wa fundi bomba ambaye hajagusa hata mkopo wa kwanza? Na kama taifa linahitaji madaktari, na linawahitaji kwelikweli, basi lisaidie njia inayowatoa mapema. Ukikaa upande wa hazina unaona busara yake.

Ukikaa upande wa mwombaji unaona kitu kingine. Njia ya miaka minne ni ngumu kwa mwaka wa kwanza na nusu kuliko watu wanavyosimuliwa. Anatomia, fiziolojia, dawa na maradhi, vyote vinashindiliwa kama nguo kwenye begi la safari. Aliyesoma biokemia anapumua kidogo. Kwake nusu ya mambo ni marudio. Aliyesoma historia au sheria, ambaye vyuo kadhaa vinampokea bila kinyongo, anakutana na kila kitu kwa mara ya kwanza. Huyo ndiye angefaidika na mwendo wa polepole wa miaka mitano. Lakini mwendo wa polepole unauzwa paundi 38,140, na asiye nazo analazimika kwenda mbio. Mwenye akiba, au mwenye baba mwenye akiba, ndiye anayechagua.

Matokeo yake mlango mdogo unasongamana. Waombaji kumi au zaidi kwa nafasi moja ni jambo la kawaida, tena wote ni watu wazima waliofaulu, wengi wakiwa na upa sekondi, yaani daraja la pili la juu, kwenda juu. Vyuo vinawachuja kwa mitihani. UCAT ni wa kompyuta, saa mbili hivi, unafanywa kati ya Julai na Septemba, mara moja tu kwa mwaka, na unatoka chumbani ukiwa na matokeo yako. GAMSAT ni mnyama mwingine. Ulitengenezwa Australia, hufanyika Machi na Septemba, na una sehemu tatu: kusoma na kuchambua maandishi, kuandika insha mbili, na sayansi yenye kemia na biolojia nyingi na fizikia kiasi. Anayemudu Kiingereza cha wodini si lazima amudu kuchambua shairi na katuni ya Kiingereza kwa dakika moja na nusu. Nesi aliyekulia Tanga akaja hapa na miaka 20 anaweza kuongoza wodi usiku kucha, kisha akaangushwa na sehemu ya kwanza ya GAMSAT.

Hapo nina nung'uniko langu. Warwick, kwa mfano, imekuwa ikitaka mwombaji awe na saa 70 za uzoefu wa kuhudumia watu. Ni sharti zuri. Lakini likishatimizwa limekwisha: mwenye saa 70 na mwenye saa elfu kumi za zamu za usiku wanasimama kwenye foleni moja, wakipimwa kwa alama za kompyuta. Watetezi wa mitihani watakwambia kwamba saa za kazi hazipimiki kwa haki, kwamba mtu mwenye shangazi hospitalini atazipata kirahisi, na kwamba mtihani haumjui mtu. Wana haki nusu. Tofauti zinaonekana baadaye kwenye usaili wa vituo vifupi, ambako unahama meza hadi meza kila baada ya dakika chache, na huko aliyewahi kumshika mkono mgonjwa anayekata roho hahitaji kukariri majibu.

Kuna mengine mawili ambayo fomu haiyaulizi. La kwanza ni riba. Mikopo ya wanafunzi ya England ina riba, na Waislamu wengi wa jamii yetu wanaikimbia au wanaichukua huku roho ikiwasuta. Sheria ya mwaka 2017 iliipa serikali uwezo wa kuanzisha mpango usio na riba. Miaka minane baadaye wanafunzi walikuwa bado wanaambiwa wasubiri. Kwa anayekataa mkopo, ile nafuu kubwa ya miaka minne inapungua sana: atatafuta 6,070 mwaka wa kwanza na 5,820 kila mwaka unaofuata, juu ya zile za mfukoni.

La pili ni mshahara unaoachwa. Nesi wa ngazi ya kuanzia katika NHS alikuwa akilipwa takriban paundi 31,000 mwaka 2025/26. Miaka minne darasani ni zaidi ya 120,000 kabla ya kodi, na daktari wa mwaka wa kwanza alianza na 38,800 hivi bila malipo ya zamu. Pengo halizibiki haraka. Tena wengi wetu hatulishi nyumba moja. Kuna ada ya mdogo mtu Kigoma, kuna dawa za presha za mama Mombasa. Ukimwambia mama kwamba hela zitakatika kwa miaka minne ili uwe daktari, atakuombea dua, na bado presha itabaki pale pale.

Kabla ya yote hayo kuna suala la makazi, na hapa ndipo ushauri wa harusini unapodanganya zaidi. Mikopo hii na msaada wa NHS ni vya wenye haki ya kudumu nchini, kwa kawaida waliokaa miaka mitatu kabla ya kozi. Mkongo aliyepewa hadhi ya ukimbizi haongojeshwi hiyo mitatu. Nesi wa Dodoma aliyekuja kwa viza ya kazi, hata akiwa na miaka minne wodini, hana haki hiyo mpaka apate makazi ya kudumu. Akiomba kabla, anahesabiwa mwanafunzi wa kigeni kwa ada ya kigeni, pale penye nafasi kwa wageni. Huyo ningemwambia asipoteze pesa ya mtihani mwaka huu.

Na baada ya kuhitimu? Miaka miwili ya mafunzo ya awali, kisha angalau mitatu kuwa daktari wa familia, au minane kwa upasuaji. Anayeanza na miaka 31 anakuwa daktari wa familia akiwa na 40. Mwaka 2025 zaidi ya madaktari 30,000 waliomba nafasi za ubingwa zipatazo 10,000, na ukosefu wa nafasi ulikuwa miongoni mwa sababu za madaktari kugoma. Mpango wa serikali wa mwaka 2023 ulitaka nafasi za vyuo vya udaktari zifikishwe 15,000 ifikapo 2031/32. Waliahidi kupanua mlango wa mbele huku ndani watu wamesimama kwenye korido.

Je, basi mtu asiombe? Hapana, sifiki huko. Mwenye digrii ya sayansi, makazi kamili na nyumba inayoweza kuvumilia miaka minne ya mfuko mwembamba, aombe, na njia ya miaka minne ni yake. UCAS, taasisi inayopokea maombi ya vyuo, inaruhusu chaguo nne tu za udaktari, na kosa ninaloliona kila msimu ni kuzijaza zote kwa majina makubwa yanayotaka mtihani mmoja. Afanye UCAT mapema, aone alama, ndipo achague vyuo vinavyolingana na alama hizo. Kama ana GAMSAT pia, agawe chaguo. Chaguo la miaka mitano aliweke tu ikiwa 38,140 zinajulikana zitatoka wapi, maana kukubaliwa mahali usipoweza kulipia kunauma kuliko kukataliwa. Aliyesoma sanaa na hana akiba ningemshauri ajipe mwaka mzima wa kemia kabla ya kugusa fomu.

Fomu hufungwa tarehe 15 Oktoba, saa kumi na mbili jioni. Kozi nyingine nyingi hungoja hadi Januari, na kila mwaka yupo anayedhani udaktari nao utangoja.