Uatlantiki na mstari wa Tropiki ya Kansa

Uatlantiki ni msimamo wa kisiasa unaotaka Ulaya, Marekani na Kanada zishikamane katika ulinzi na sera za nje. Neno hili limebeba mizigo miwili, mkataba wa kujihami na madai ya kutetea uhuru, na wanasiasa huuonyesha huu au ule kutegemea wanaongea na nani.

Tuanze na mkataba wa NATO, umoja wa kujihami wa nchi hizo, uliosainiwa Washington tarehe 4 Aprili 1949 na nchi 12. Ibara ya 5 inajulikana: anayemshambulia mmoja amewashambulia wote. Wachache huisoma hadi mwisho, pale inaposema kila nchi itachukua hatua itakayoona ni ya lazima. Kwa hiyo hailazimishi kupeleka askari. Ibara ya 6 nayo inahesabu visiwa vilivyo kaskazini mwa Tropiki ya Kansa tu (mstari wa ramani ulio kaskazini mwa ikweta), ndiyo maana Argentina ilipovamia Falkland, visiwa vya Uingereza kusini mwa Atlantiki, mwaka 1982, ibara ya 5 haikuhusika.

Watetezi wana hoja nzito: ibara hiyo imetumika mara moja tu, Septemba 2001, na aliyekuwa akisaidiwa ni Marekani yenyewe. De Gaulle, rais wa Ufaransa, hakushawishika. Aliona mwenye silaha nyingi ndiye mwenye kauli, akayatoa majeshi ya Ufaransa kwenye kamandi ya pamoja mwaka 1966. (Mkataba wenyewe hakuuacha, hapo wengi hukosea.)

Mzigo wa pili, madai ya kutetea uhuru, ndio unaotugusa huku Afrika. Agosti 1941 Rais Roosevelt wa Marekani na Waziri Mkuu Churchill wa Uingereza walitangaza haki ya watu wote kujichagulia serikali. Mwezi uliofuata Churchill akaliambia Bunge kwamba walikuwa wakifikiria hasa Ulaya iliyokaliwa na Wanazi. Kisha Ureno ya Salazar, ya kidikteta, ikawa mwanachama mwanzilishi wa NATO, kwa kuwa visiwa vyake vya Azores vilihitajika kwa ndege za Marekani.

FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilipoanza vita dhidi ya utawala wa Ureno miaka miwili baadaye, ilikabiliana na jeshi la nchi ya NATO. Mtetezi atajibu kwamba Msumbiji iko kusini mwa mstari, na NATO haikupigana huko. Kimkataba yuko sahihi. Ila ndege za kivita aina ya Fiat G.91, ambazo Ureno iliuziwa na Ujerumani Magharibi, mwanachama mwenzake, zilivuka mstari huo na kwenda kupiga mabomu Guinea-Bissau na Msumbiji.