Mshenga na Pamba Mdomoni

Gego langu lilianza kuwanga wiki ile ile ya posa ya mpwa wangu, na mshenga ni mimi. Asubuhi ya siku yenyewe shavu limevimba, jicho halifunguki. Nikaenda kuling'oa.

"Ng'ata pamba nusu saa," daktari akasema. Nusu saa ikapita, kuitoa tu, damu ikafumka upya. Nikapewa nyingine, nayo ikalowa.

"Umekuwa ukimeza dawa gani?"

Nikamwandikia kwenye simu: aspirini.

Akacheka, kisha akanipa darasa. Mshipa ukikatika hujibana wenyewe kwanza. Chembe sahani, vile vijichembe vya damu vya kuziba jeraha, hukimbilia penye tundu na kushikamana, halafu damu hufuma wavu wa nyuzi za faibrini unaonasa chembe nyekundu mpaka donge likakaza. Sasa aspirini huzilemaza zile chembe sahani, na iliyolemazwa ndiyo basi tena. Unangoja mwili uzalishe nyingine, maana moja huishi siku 7 hadi 10 hivi. "Yako itaganda, ila kwa kujivuta. Donge likitoka, tumeanza upya. Usiteme, usisukutue, usinyonye mrija, usiongee."

Usiongee! Mshenga!

Nikamwonyesha shangazi simu. Akasoma, akanirudishia. "Mshenga habadilishwi njiani. We itikia kwa kichwa."

Ukweni tukakaribishwa mkekani. Mzee wao akakohoa, akataja: milioni tatu. Mimi nimefumba macho, ladha ya damu imenipanda kooni. Kimya. Wakanong'onezana.

"Basi, mbili na nusu."

Wakati huo mate yamenijaa tele, kutema siruhusiwi, nayameza kidogo kidogo uso umekunjamana.

"Huyu mgumu huyu," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Mbili. Ikaletwa juisi ya ukwaju, mrija umesimama katikati. Nikaisogeza mbali kwa kidole kimoja. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shuka, akaivaa tena. Moja na nusu, na mkaja wa mama wameusamehe.

Shangazi akanifinya paja: pokea! Nikafungua mdomo niseme "tumepokea". Pamba ikadondoka mkekani, imelowa chepechepe, na bonge jeusi la damu likaifuata.

Bibi wa binti akaruka. "Mnaona sasa? Mmemtajia mahari mpaka anatapika damu! Mgeni atatufia hapa! Punguzeni!"

Tukafunga kwa milioni moja, nami nikiwa nimeng'ata pindo la kanga safi ya shangazi. Niliing'ata njia nzima ya kurudi, na usiku damu ikakata.

Mdogo wake yule mpwa naye anataka kuoa. Juzi alikuja kunisabahi, akakaa, akazungukazunguka, mwisho akaniuliza kwa adabu: "Mjomba, hakuna jino jingine linalokusumbua?"