V8 ya Bibi wa Kijapani

Madalali wa magari wa Dar wana bibi mmoja wa Kijapani ambaye sijui atapumzika lini. Kila gari wanalouza lilikuwa lake. Alikwenda nalo sokoni Jumapili, akarudi, akalifunika turubai, basi. Hajawahi kuingia kwenye shimo, hajawahi kupakia mkaa, na akiuza moja ananunua jingine ili nalo lije Kinondoni.

Safari hii bibi alikuwa anauza Land Cruiser 200 ya mwaka 2010, ile tunayoiita V8. Nyeusi, vioo vya giza, viti vya ngozi. Shemeji yangu aliiona kwenye simu na usingizi ukamruka. Sendofu ya binti yake ilikuwa inakaribia, na yeye alishajiona anavyoshuka mbele ya ukumbi. Si uongo, mtu akishuka kwenye V8 mjini hapa hata mlinzi anayemdai anampigia saluti. Dada akanipigia simu: "Mdogo wangu, nenda na shemeji yako. Asinirudie na funguo."

Nikampitia fundi wangu Ilala, mtu wa maneno machache na mashaka mengi.

"Karibuni mabosi," dalali akatupokea. "Gari haijaguswa hii. Kilomita 61,000 tu, bibi wa watu alikuwa anaendea sokoni."

Fundi hakujibu. Alifungua mlango, akachungulia chini, akaitazama pedali ya breki. Raba yake ilikuwa imelika mpaka imepoteza mistari.

"Bibi alikuwa na mguu mzito," akasema.

Akafungua boneti. Injini ya dizeli, lita 4.5. Akanigeukia: "Land Cruiser 200 za dizeli hazikuuzwa Japani. Kule ziliuzwa za petroli tu."

"Bibi aliagiza maalumu," dalali akadakia.

Fundi akatandika boksi, akalala chini karibu na gurudumu la mbele kulia, akaisugua fremu kwa kitambaa mpaka namba ya chesesi ikaonekana. Gari lililouzwa Japani kwenyewe huwa na namba fupi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, halafu tarakimu zake. Hii ilikuwa ndefu, herufi na tarakimu 17, ikianzia na JTM. Yaani ilitengenezwa kule, lakini tangu mwanzo ilikusudiwa soko la nje.

"Unajua bibi alihamia Dubai," dalali akasema bila kupepesa macho.

Mimi nilikuwa nimeingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia faini. Zikashuka elfu 30, elfu 30, elfu 30, zimepangana mpaka nikachoka kusogeza kidole. Na deni hilo halimfuati bibi, linalifuata gari. Nikamwonyesha shemeji. Hakunisikia. Alishakaa kwenye usukani, anakipandisha kiti na kukishusha, uso umetulia kabisa, kama yupo kwenye msafara.

Nikapanda nyuma. Humo ndani vimti vya manukato vilikuwa vinaning'inia kila mahali, na bado kuna kitu kilinuka chini yake. "Vuta mkanda," fundi akaniambia. Nikauvuta. "Mpaka mwisho." Mwanzo ulikuwa safi, umefuliwa. Ulipokaribia kuisha ukatokeza mstari wa kahawia uliokatiza upana wote, na udongo mkavu ukanimwagikia mapajani. Wauzaji huosha kipande kinachoonekana. Kilichojiviringisha ndani ya nguzo ya mlango hakuna anayekikumbuka.

"Vumbi la Dodoma hilo," dalali akasema.

"Vumbi halipigi mstari," fundi akajibu.

Shemeji akasema maneno yameshakuwa mengi, twende tukaijaribu. Tukapita Morocco kuelekea Mwenge, na foleni ikatushika, maana ilikuwa Aprili na wingu lilishafunga. Dalali, kwa kuonyesha kwamba kila kitu kinafanya kazi, akabonyeza kitufe cha dirisha la paani. Likafunguka vizuri sana. Mvua ilipoanza akabonyeza lifunge. Likakohoa. Akabonyeza tena. Waipa zikaanza kufuta zenyewe, halafu taa ya ndani ikawaka, dirisha lenyewe likabaki wazi.

Mvua ya masika unaijua. Dalali alijifunika bahasha ya nyaraka za gari. Fundi alikunja mikono akafumba macho. Shemeji aliendelea kushika usukani kwa heshima zake zote, maji yanamtiririka kwenye nyusi. Konda wa daladala ya pembeni akachungulia kwa juu: "Mheshimiwa, unaoga?"

Zulia lilipolowa, harufu ikaamka. Lilikuwa tope la mtoni hasa, lenye shombo, na vile vimti vyote vikasalimu amri.

Tukaingia sheli tujibanze chini ya paa. Bodaboda walikuwa wamejazana hapo wakikwepa mvua. Mmoja akaizunguka gari, akainama kwenye mkwaruzo wa bampa, akawaita wenzake.

"Si ndiyo hii iliyozama Jangwani? Ule mwaka Msimbazi umejaa mpaka mwendokasi zikasimama! Maji yalifika hapa." Akaweka kiganja usawa wa kioo. "Tuliisukuma sisi hii." Kisha akamtazama shemeji. "Na hela yetu hatujapewa mpaka leo, mheshimiwa."

Dalali ghafla akawa na simu ya kupokea. Shemeji angeweza kusema gari si lake. Lakini alikuwa kwenye usukani wa V8, watu wanamtazama, na neno mheshimiwa lilishatoka. Akatoa noti ya elfu kumi, imelowa, akampa.

"Umeona sasa shem?" nikamwambia. Fundi alishapanda bodaboda, anajadiliana nauli ya kurudi Ilala.

Dalali akarudi, akafungua mlango wa nyuma, akaelekeza kidole chini. Maji yalikuwa yametulia kwenye sakafu, yamefika juu ya soli za viatu vyangu.

"Tazama mwenyewe, bosi," akamwambia shemeji. "Tangu yameingia, limetoka hata tone? Bodi haina tundu hii."

Shemeji akainama, akayatazama maji kwa muda mrefu.

"Mwisho ngapi?" akauliza.